Maji Yasiyopungua Kwenye Njia ya Misafara

Vijana wa kituo, mliniomba kabla sijakabidhi funguo niwaandikie mambo ya kazini. Nilicheka, maana kazi yetu yote ni kuandika, na sikujua kama kimebaki kitu cha kuongeza. Habari za vyeo zimo kwenye jalada langu, na mshahara wangu mnaujua kwa sababu na wenu ni huohuo. Nitaandika habari ya sufuria moja. Wengine mmeisikia nusunusu chumba cha chai, imetiwa chumvi, na mimi nataka muipate kwangu kabla sijaanza kuisahau.

Niliingia kituo cha hali ya hewa cha Tabora miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa mtoto wa mtaa wa Ng'ambo, hapahapa mjini, baba yangu fundi cherehani, na siku ya kwanza nilivaa suruali aliyonishonea kwa ajili ya serikali. Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Maganga, Mnyamwezi wa upande wa Puge, Mkatoliki wa rozari mfukoni, mtu mwembamba asiyeinua sauti. Aliitazama suruali, akanitazama uso, akanichukua hadi kwenye kipima mvua. Ilikuwa kiangazi, na mbingu haikuwa na hata kawingu.

"Kina maji?" akaniuliza.

"Hakina, mzee."

"Umeangalia?"

Sikuwa nimeangalia. Nani angeangalia mvua mwezi wa saba?

"Angalia."

Nikainama, nikachungulia ndani, kukavu.

"Sasa andika sifuri," akasema. "Sifuri uliyoiona na sifuri uliyoidhani zinafanana kwenye karatasi, mtu wa mjini. Mungu peke yake ndiye anayezitofautisha. Na mimi." Akanipa penseli yake, ya kijani, imetafunwa kichwani. Alisema wino unafutika mvua ikinyesha na penseli haifutiki. Hilo ni kweli, na ninyi wa kalamu za wino mlizingatie.

Mwaka wangu wa pili ulikuja waraka. Siku hizo mataifa makubwa yalikuwa yamelipua mabomu yao ya nyuklia hewani, mengine jangwani kaskazini ya bara letu hilihili, bila kumwuliza mwenye nyumba. Wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wamekutana na kutamka kwamba bara hili lisiwe na silaha hizo kabisa: zisitengenezwe, zisifichwe, zisijaribiwe. Sasa serikali yetu ilitaka wajumbe wake wakienda kwenye mikutano ya nje wasiende na hotuba tu. Waende na namba, zioneshe ni nini kinachotuangukia kutoka juu. Vituo vichache vikachaguliwa, na Tabora ikawemo.

Tukaletewa sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, haina kifuniko. Kazi yake ilikuwa kukaa mdomo wazi mwezi mzima. Kiangazi tuliitia maji ya betri hadi kwenye alama, ili vumbi likitua lisipeperuke. Kila Ijumaa alasiri nipime kina kwa rula, niandike jua limekunywa kiasi gani, niongeze maji hadi alama, niandike nimeongeza kiasi gani. Mwisho wa mwezi kila kilichomo tunakimimina chupani, tunapiga lakiri, na chupa inapanda gari moshi kwenda Dar es Salaam kwa wataalamu.

"Hilo vumbi likoje, mzee?" nilimwuliza.

"Halina rangi wala harufu. Likikuangukia begani hulisikii. Linapanda juu sana huko lilikolipuliwa, linatembea na upepo, halafu siku moja linaamua kushuka."

"Limeshashuka hapa?"

"Ndiyo tunayoulizwa," akasema, akaendelea kunywa chai yake. Mimi yangu sikuimaliza.

Uwanja wa ndege ulikuwa na vumbi lake mwenyewe, kwa hiyo Mzee Maganga alichagua mahali pa mbali: kwenye njia ya zamani ya misafara, upande wa magharibi, mwendo wa baiskeli wa saa moja na nusu. Njia yenyewe ilikuwa imebaki ukanda wa ardhi ngumu ambao majani yalikataa kuota juu yake. Hapo kando palikuwa na jiwe bapa, kana kwamba mtu aliliweka kwa kazi hiyo, nasi tukaiweka sufuria juu yake. Nyumba ya karibu ilikuwa moja tu, ya bibi mmoja mjane aitwaye Nyamizi. Tulipokuwa tukifunga waya alisimama mlangoni akatutazama muda wote. Tulimwamkia, akaitika, hakuuliza kitu. Hilo peke yake lilipaswa kunishtua, maana ni bibi gani wa Kinyamwezi asiyeuliza wageni wanafanya nini mbele ya nyumba yake?

Ijumaa ya kwanza nilipima. Maji yalikuwa kwenye alama.

Ilikuwa mwezi wa tisa. Kule kituoni tuna karai kubwa la kupimia jua linavyokunywa maji, na wiki ile lilikuwa limepungua karibu kiganja kizima. Sufuria haikuwa imepungua hata unywele. Nilipima tena. Nikaitukana rula, nikapima mara ya tatu. Nikamwaga maji ya betri niliyobeba, kwa kuwa hapakuwa na pa kuyaongeza, nikarudi mjini.

Ijumaa ya pili, kwenye alama. Nyuki watatu walikuwa wameelea, nikawaacha, maana waraka ulikataza kutoa chochote. Ijumaa ya tatu maji yalikuwa kwenye alama na nyuki hawapo. Chini ya sufuria hapakuwa na hata chembe ya lile vumbi jekundu la Unyamwezi linaloingia mpaka kwenye masikio ya saa. Ndani mlikuwa safi, mnang'aa, nikaona uso wangu mwenyewe ukinitazama na anga nyuma yake. Wakulima wawili walipita wakitoka shamba. Walipofika usawa wa sufuria walinyamaza, wakavuka upande wa pili wa njia, wakainamisha vichwa kidogo kama mtu anavyompita mkubwa aliyekaa, kisha wakaendelea na mazungumzo yao.

Nisiseme uongo, niliogopa. Na kwa sababu niliogopa, nilifanya kosa ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Nilikuwa kijana wa shule, nimeambiwa serikali huru inataka watu wasioamini mambo ya giza. Nirudi nikamwambie mkuu wangu kwamba kuna maji yasiyokauka? Nilichukua namba za karai la kituoni, nikakokotoa jua lilipaswa kunywa kiasi gani kule njiani, nikaandika hizo. Nikaandika na maji ya betri niliyoongeza, ambayo sikuongeza. Daftari likapendeza sana. Mzee Maganga alilisoma, akalitia sahihi, akasema mkono wangu umeanza kutulia.

Mwezi wa kumi na moja mvua ya kwanza ilinyesha, kubwa, ya radi. Mke wangu Zuhura alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Pipa letu lilikuwa kavu kwa wiki mbili, kwa hiyo alikinga maji ya bati ili tuyanywe usiku uleule. Mimi glasi ilinishinda mkononi. Nilimwambia habari ya vumbi lile.

"Kwa hiyo tusinywe?" akaniuliza.

"Sijui. Ngoja majibu ya chupa."

"Na mpaka majibu yaje tunywe nini, soda?" Akanywa. Nikamtazama koo lake likimeza, na tangu usiku ule nikawa nahesabu siku za gari moshi kutoka Dar.

Majibu yalikuja baada ya mwaka mpya. Chupa za Tabora zilikuwa safi, safi kuliko za kituo chochote, hata ile ya mvua ya kwanza. Barua ilisema wajumbe wataifanya Tabora kuwa kituo cha kulinganishia: namba za wengine wote zitawekwa kando ya zetu ili dunia ione tofauti. Afisa wa wizara angefika baada ya wiki moja kuchukua daftari la asili. Mzee Maganga aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Mimi nilikimbia nyumbani. Nilimwambia Zuhura, aliyekuwa hafungi kwa ajili ya mimba, kunywa, mama, kunywa mpaka useme basi. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwendawazimu.

Ijumaa iliyofuata iliangukia sikukuu ya Idi, kwa hiyo nikaenda njiani siku ya kuamkia, tena alfajiri, ili niwahi kurudi kumsaidia Zuhura. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya njia, na ndani ya ukungu nikaona mtu anakuja amebeba mtungi kichwani. Hakuwa na haraka. Nikamwamkia. Hakuitika. Alinipita karibu kiasi cha kugusana mabega, macho mbele, kana kwamba mahali niliposimama hapakuwa na mtu.

Alifika kwenye sufuria. Akaipindua, maji yote ya mvua yakamwagika majanini. Akachota mchanga, akaisugua ndani taratibu, akaisuuza, akairudisha juu ya jiwe. Akaijaza kutoka kwenye mtungi hadi alama ileile. Ndipo akageuka, kumbe ni Bibi Nyamizi.

"Mwangaluka, mjukuu wangu," akaniamkia kwa Kinyamwezi. "Nisamehe. Ukibeba maji ya njia husemi mpaka yametua."

"Shikamoo, bibi. Umefanya nini?"

"Marahaba. Nimejaza. Wewe umeweka chombo njiani ukaenda zako siku saba. Ulitaka ajaze nani?"

"Ni chombo cha serikali, bibi. Hakijazwi!"

"Basi serikali haiijui njia hii." Alikaa kando ya jiwe akajifuta mikono. "Mama yangu alikuwa na mtungi hapohapo, juu ya jiwe hilo. Misafara ilipita, wapagazi wana kiu, wanakunywa. Njia hii haitakiwi kukuta chombo kitupu. Ikikikuta, inachukua mtu wa nyumba iliyo karibu. Siku moja mama alikuwa na homa, mtungi ukakauka. Msafara ulipita asubuhi. Ulipokwisha kupita, kaka yangu hakuwepo. Mpaka leo." Aliitazama njia, kwanza huku, kisha kule. "Nilikuwa nimeanza kusahau. Mkaja ninyi na chombo."

"Na mvua, bibi? Ile mvua ya kwanza?"

"Niliimwaga. Mvua ya kwanza ni uchafu wa mbingu, mtu hampi mgeni."

Nilikaa chini palepale kwenye umande. Kitu chenyewe tulichokitafuta, uchafu wa mbingu, alikuwa amekimwaga kwa heshima, akaweka maji ya kisima mahali pake, na wataalamu wa Dar walikuwa wamepima kisima cha Bibi Nyamizi. Nilimweleza chombo kile kilikuwa cha nini: moto uliowashwa mbali, vumbi lake linalotembea juu bila kuonekana.

"Linapita juu ya njia hii?"

"Linapita popote, bibi."

Aliinua macho juu. "Na lenyewe ni msafara, basi," akasema. "Nani alilijazia mtungi?"

Nilipanda baiskeli nikarudi mjini.

Idi ile sikuonja pilau. Mjue nilichokuwa nacho mkononi. Nikinyamaza, Tabora ni safi, mke wangu amekunywa maji safi, mzee wangu anatajwa kwa sifa mbele ya mataifa, nami nabaki na kazi. Nikisema, hayo yote yanapotea pamoja na ile barua, na ile barua ndiyo iliyokuwa imenirudishia usingizi. Nilimtazama Zuhura akiwagawia watoto wa jirani maji, yeye mwenyewe akinywa yaliyobaki, na niliona wazi kwamba nisiposema nitakuwa nimempa uongo anywe kila siku.

Afisa wa wizara alikuja na gari moshi la asubuhi, kijana mwenzangu, mpole, tai imemkaba kwa joto. Alimwambia Mzee Maganga, "Wakubwa watauliza nani alipima. Tutawajibu, Maganga wa Tabora." Mzee aliinamisha kichwa akatabasamu. Hapo nikasema. Nilisema yote: bibi, mchanga, kisima, na namba nilizozikokotoa.

Mzee Maganga hakunitazama. Alilifungua daftari, akapitia Ijumaa baada ya Ijumaa kwa kidole.

"Hii uliona?"

"Hapana, mzee."

"Na hii?"

"Hapana."

"Mvua ya kwanza?"

"Sikuiona, mzee. Ilikuwa imeshamwagwa."

Alichukua rula, akapiga mstari juu ya miezi yote, akaandika "haifai," akatia sahihi yake chini. Si yangu, yake. Nililia, sioni haya kusema.

"Mzee, tuna wiki tatu tu," afisa akasema kwa sauti ndogo. "Hesabu zote zimelinganishwa na Tabora. Tukiondoa namba yenu itabidi zirudiwe, na mahali pa Tabora patakuwa wazi."

"Paache wazi. Wakiikuta namba moja ya uongo watazitupa zote, na watakuwa na haki. Nafasi iliyo wazi ni kitu kilichoonekana pia."

Afisa aliondoka na gari lilelile. Niliambiwa baadaye kwamba hesabu zilirudiwa, kwamba wajumbe walikwenda wakasema waliyoyasema, na kwenye karatasi zao mbele ya jina la Tabora palikuwa na kistari tu. Mimi sikufukuzwa. Mzee Maganga aliandika kwamba ni kosa la kituo, akalibeba mpaka alipostaafu, na hakulitaja tena isipokuwa kwa utani: kila kiangazi aliniuliza kama bibi yangu amenisaidia kupima.

Nilimwambia Zuhura jioni ileile. Alikuwa akichambua mchele.

"Kwa hiyo hujui," akasema.

"Sijui."

"Na hakuna anayejua."

"Hakuna."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando. "Basi afadhali umeniambia," akasema, na mkono wake ukaenda tumboni ukakaa huko.

Binti yetu alizaliwa siku ya mvua, tukamwita Mwamvua. Nilimhesabu vidole vya mikono, vya miguu, kisha nikaanza upya. Alikuwa mzima. Ni mzima mpaka leo, ni mwalimu, ana watoto wawili. Lakini miaka yote hiyo akikohoa chumba cha pili nilikuwa naacha kula nikasikiliza. Akichelewa kuamka nilisimama mlangoni. Msiniulize nilikuwa nasikiliza nini.

Sufuria tuliihamishia ndani ya uzio wa kituo, na baada ya muda ikaondolewa kabisa. Juu ya jiwe Bibi Nyamizi akaweka mtungi wake wa udongo. Nilizoea kumpitia. Kisha ikaja miaka ya vijiji vya Ujamaa, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika, nyumba ya bibi ikawemo. Siku lori lilipokuja nilikuwepo. Alipanda na kuku wawili na godoro. Hakulalamikia nyumba wala shamba.

"Huko kuna bomba," akaniambia. "Hapa atajaza nani?"

"Nitajaza mimi, bibi."

Nilijaza miezi mitano. Halafu nikapata uhamisho kwenda kituo kingine, na Bibi Nyamizi akafariki mwaka huohuo kijijini. Wanasema aliamka alfajiri, akatoka na mtungi upande wa magharibi, wakamkuta amekaa njiani, ameshakwisha. Alikuwa mzee sana, na wazee hufa. Ninaandika nilichoambiwa, sikuona.

Mwaka nilioanza kukabidhi kazi, redio ilitangaza kwamba nchi za Afrika zimetia sahihi mkataba wenyewe, bara zima lisiwe na silaha za nyuklia. Zaidi ya miaka thelathini ilikuwa imepita tangu lile tamko. Mwamvua alikuwa amekuja kututembelea hapa Tabora, nilikokuwa nimerudishwa kumalizia kazi. Nilimwomba anisindikize mahali.

Nyumba ilikuwa imekwisha kuwa kichuguu. Njia ilikuwepo, ngumu vilevile, majani bado yakiikataa. Jiwe lilikuwepo. Na juu ya jiwe palikuwa na mtungi mzima wa udongo, ambao sikuutambua, wala sikuona nyayo za mtu pande zote.

"Kuna nini humo, baba?" Mwamvua akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nilijua kuna nini. Ilikuwa mwezi wa tisa, jua kali, nani angekuwa ameweka maji? Lakini niliinama, nikachungulia mpaka chini, nikaingiza mkono, nikapapasa. Nikatoa daftari langu dogo na kile kipande cha penseli ya kijani, ambacho sasa hakizidi kidole gumba. Nikaandika tarehe na saa. Nikaandika: sifuri.

Upepo ulikuwa unakuja na njia, kutoka mashariki, na Mwamvua alikuwa amesimama katikati yake akinisubiri, khanga ikimpiga miguuni. Nyumba iliyo karibu sasa ilikuwa sisi wawili. Nilimwomba chupa yake ya maji ya kunywa. Nikayamimina yote mtungini, taratibu, bila kusema neno mpaka yakatua.

Kisha nikaandika chini ya ile sifuri: nimeongeza chupa moja, maji ya bomba, kwa mkono wangu. Nikatia sahihi.